PS4 Slim ya mtumba, Xbox Series S, au nisubiri PS5? Bajeti sh 45,000

Athmani_Kisauni
Asalaam aleikum jamaa. Nataka kununua mashine ya gemu na sh 45,000 ziko tayari. Nimebaki na njia tatu: PS4 Slim ya mtumba, Xbox Series S, au nizidi kuweka akiba mpaka nifikie PS5. Moi Avenue hapa Mombasa nimepata PS4 Slim kwa sh 28,000, pedi mbili na "gemu 25 ndani". Series S nimeipata kwa sh 41,000, pedi moja, sanduku lake lipo. Nichukue ipi? Muuzaji wa PS4 amenipa mpaka Jumamosi.

FundiPedi
Waaleikum salaam. Ndugu, hapo hujatwambia kitu. TV yako ni ya inchi ngapi, na ni 4K au ya kawaida? Unacheza peke yako au na wenzako? Gemu zipi hasa? Intaneti ni ya waya nyumbani au ni bando la simu? Na hiyo Slim, umeiona namba ya modeli na toleo la programu? Usilipe hata amana kabla hujaleta majibu hapa. Hayo "gemu 25 ndani" ndiyo yananitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

Bamburi_FC
Chukua PS4. Vibanda vingi vya PS kuanzia Kisauni mpaka Likoni ni PS4, na vijana utakaocheza nao wako huko. Tena kuna jambo wanunuzi hawaambiwi dukani: gemu ya mpira ya EA (zamani FIFA, sasa FC), tangu FIFA 23, inakutanisha wachezaji wa mashine tofauti, lakini kwa kizazi. PS4 inakutana na Xbox One. PS5 inakutana na Series X, Series S na PC. Ukinunua Series S na marafiki zako wako PS4, mtandaoni hamtakutana hata mara moja.

Binti_Tudor
Kaka Bamburi, hilo la vizazi ni kweli, ila umesema nusu. FC ya PS4 na FC ya Series S zina jina moja tu. Ya PS4 ni ile injini ya zamani, haina HyperMotion V, ile teknolojia ya kuiga mwendo wa wachezaji halisi, wachezaji wanakimbia vile vile walivyokimbia miaka iliyopita. PS4 ilitoka 2013 na Slim 2016. Series S ni ya Novemba 2020, ina SSD, yaani diski ya kasi, na gemu za kizazi hiki zinaingia humo. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 na PS4 haimo. GTA VI, Rockstar wametangaza 19 Novemba 2026, PS5 na Xbox Series peke yake.

Kwa sh 45,000 hakuna mashine nyingine ya kizazi hiki utakayoipata. Ubaya wake nausema wazi: imeandikwa GB 512 lakini nafasi ya kutumia ni GB 364. Gemu kubwa tatu au nne umejaa. Ukitia diski ya nje ya USB unaweza kuchezea humo gemu za Xbox One, lakini za Series zinakubali kuhifadhiwa tu. Kuzicheza lazima uzirudishe ndani. Ile kadi maalumu ya kuongeza nafasi ni ghali, usiihesabu kwenye bajeti yako.

MzeeWaKaseti
Binti yangu, mbona umelipita kubwa kuliko yote? Series S haina pa kutia CD. Kwetu huku hilo si jambo dogo. CD ya PS4 yanunulika Mwembe Tayari, ukimaliza gemu waiuza au wabadilishana na mwenzako, unaongeza kidogo wapata nyengine. Gemu ya kupakua yafa na akaunti yako. Huwezi kuiuza, huwezi kumuazima mtoto wa jirani.

Na hizi kampuni hazina huruma. Nintendo walifunga duka la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Microsoft wakafunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Sony nao 2021 walitangaza kulifunga la PS3 na Vita, watu wakapiga kelele ndipo wakarudi nyuma. Mwenye CD ya PS3 leo aitia na yacheza, hahitaji ruhusa ya mtu.

KompyutaKwanza
Kwa heshima Mzee, hata CD haikulindi siku hizi. The Crew ya Ubisoft iliuzwa kwa CD tangu Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva, na kwa kuwa gemu yote ilitegemea seva, CD ikabaki plastiki. Ndiyo iliyozaa ile kampeni ya Stop Killing Games iliyokusanya saini zaidi ya milioni moja Ulaya.

Athmani, hakuna aliyetaja kompyuta. Tafuta kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye i5-8500. Usishuke chini ya kizazi cha 8 cha Intel, kwa sababu Windows 11 haivikubali vizazi vya chini yake na Windows 10 iliacha kupata msaada tarehe 14 Oktoba 2025. RAM GB 16, ziwe vipande viwili vya GB 8 na si kimoja, maana kikiwa kimoja upana wa mawasiliano unapungua nusu na gemu inakwamakwama. SSD GB 500. Kadi ya picha GTX 1650 ya GB 4. Naitaja hiyo makusudi: inakula wati 75, inazichukua zote kwenye ubao mama, ila chagua toleo lisilohitaji waya wa ziada. Visanduku hivi vya ofisi vina pawa saplai ndogo na havina waya huo. Ukipata sanduku jembamba, sharti kadi iwe ile fupi, la sivyo kifuniko hakifungi.

Faida ni kulipa. Steam, duka la gemu za kompyuta, inauza Kenya bila kujificha, bei ni dola, na kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inalipa. Gemu usiyoipenda unarudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujazidisha saa 2 za kucheza. PSN, mtandao na duka la PlayStation, haiitambui Kenya kabisa.

Bamburi_FC
Kompyuta, mtu amekuja kutafuta mashine ya kukaa sebuleni na wewe unamtuma akapime urefu wa kadi. Wenzake wataingia wanne, atawakalisha wapi mbele ya dawati?

KompyutaKwanza
Waya wa HDMI unafika TV sawa na wa PS4. Na pedi ya PS4 au ya Xbox inaingia kwenye USB, Windows inaisoma. Ya Xbox inasomeka moja kwa moja, ya PS4 unaiwasha kwenye mipangilio ya Steam. Dawati si lazima.

FundiPedi
Wacha nilieleze hili la "gemu 25 ndani", kwa sababu Athmani ana siku chache. Maneno hayo yana maana mbili, na zote mbili ni hasara kwa mnunuzi.

Ya kwanza ni mashine iliyofunguliwa, ile wauzaji wanaita jelbreki. Ingia kwenye mipangilio, System, kisha System Information, usome toleo la programu. Ukikuta 9.00 au 11.00 na muuzaji anakusisitizia "usiapdeti kamwe", basi imefunguliwa. Gemu zile hazijalipiwa. Mtandaoni huingii, kwa sababu PSN inadai toleo jipya, na ukisasisha huna njia ya kurudi nyuma. Bamburi amekushauri PS4 ili ucheze FC na wenzako, na mashine ya namna hii haikufikishi huko.

Ya pili ni akaunti ya muuzaji. Gemu zimenunuliwa kihalali, zimepakuliwa, na PS4 yako imewekwa kuwa mashine kuu ya akaunti ile. Kila mtu anayeitumia anazicheza, hata kwa akaunti yake mwenyewe. Lakini akaunti moja ina PS4 kuu moja tu. Mwenye akaunti anaweza kuiondoa yako kupitia tovuti, mara moja kila miezi sita, kisha akaiweka ile ile kwenye mashine ya mnunuzi mwengine. Dukani utajaribu na zote zitafunguka. Baadaye unaunganisha intaneti, na kila gemu inakuja na alama ya kufuli.

Kuna Slim iliyofika mezani Makupa kwa njia hii hii. Ilinunuliwa na gemu 18. Kufuli zilipotokea, mnunuzi alimpigia muuzaji, simu haikupokelewa. Akashauriwa na mtu aifute mashine yote kisha aingie upya. Akaifuta. Zile gemu zikaondoka, na nenosiri la akaunti ile hakuwahi kupewa, kwa hiyo hakukuwa na cha kupakua tena. Akafungua akaunti yake, akanunua CD moja ya mtumba. Mashine ikaimeza, ikazunguka, ikaitema. Taa ya kusomea ilikuwa imechoka, na hakuna aliyejua kwa sababu tangu dukani haikuwahi kutiwa CD. Hilo ndilo gemu za ndani huficha. Lenzi ikabadilishwa, CD ikasomeka, usakinishaji ukafika katikati ukakwama. Ikazimwa, ikawashwa, ikaleta CE-34335-0, yaani haioni diski kuu. Ilikuwa diski ya laptopu kuukuu iliyopachikwa badala ya ile ya asili. Ikabidi inunuliwe SSD mpya. Ukijumlisha lenzi, SSD, CD na ufundi juu ya bei ya mwanzo, alikuwa ameshaikaribia bei ya Series S, na pedi moja kati ya zile mbili ilikuwa bandia.

Kwa hiyo ukienda Jumamosi, fanya hivi. Beba CD yako ya PS4, hata ya kuazima. Itie na kuitoa mara tatu. Fungua akaunti mpya papo hapo, na ujaribu kuingia PSN kwa intaneti ya simu yako. Kama mashine imefungiwa na Sony utajua hapo hapo. Piga tochi ndani ya tundu la HDMI: pini ni 19, safu mbili, zote ziwe zimenyooka na ziwe na rangi moja. Ukiona kijani au unga mweupe, hiyo imekaa karibu na dirisha la bahari. Tikisa waya taratibu picha ikiwa juu ya TV, isikatike. Piga tochi na kwenye matundu ya nyuma: chembe nyeusi ndogo ni kinyesi cha mende. Mende wanapenda pawa saplai kwa joto lake, na uchafu wao unaozesha ubao. Halafu cheza gemu nzito nusu saa nzima. Taa nyeupe bila picha ni tundu la HDMI au ile chipu yake. Taa ya buluu inayopumua bila kugeuka nyeupe, rudisha waya wake umwachie mashine yake.

Binti_Tudor
Fundi, ahsante kwa maelezo. Lakini umeona sasa? Hayo yote ni ya kuihofia PS4. Series S haina lenzi ya kuchoka, wala haijafunguliwa kama PS4 ilivyofunguliwa. Unaifuta, unaingia kwa akaunti yako, basi.

FundiPedi
Nayo ina yake. Tundu la HDMI ni lile lile la kuvunjika. Feni yake iko juu, na watu wanaweka vitambaa juu yake. Na kama muuzaji hajaiondoa kwenye akaunti yake, gemu zake zitaonekana na zitakufungia vile vile. Hakikisha anaiweka upya mbele yako.

MzeeWaKaseti
Na utacheza nini humo, Binti? Watu walisifu Game Pass, ule usajili wa gemu wa Xbox, kwa unafuu. Oktoba 2025 ile ya Ultimate imetoka dola 19.99 ikaenda dola 29.99 kwa mwezi, Marekani. Nusu nzima juu, kwa siku moja. Na Kenya haimo kwenye orodha yao, yataka ujifanye mtu wa Afrika Kusini. Mimi nasema kodi ya mwezi si ununuzi. Siku usipolipa huna kitu.

Binti_Tudor
Mzee, Ultimate si lazima. Na Sony si watakatifu. PS Plus, usajili wao wa kucheza mtandaoni, ya mwaka ilikuwa dola 59.99, Septemba 2023 wakaifanya 79.99. PS5 yenyewe ilitoka dola 499.99 mwaka 2020, Agosti 2025 wakaipandisha hadi 549.99 Marekani. Zamani mashine ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka. Sasa inapanda. Ndiyo maana namwambia Athmani asijidanganye kwamba akisubiri itashuka.

eFootball, Fortnite, Rocket League na Warzone ni za bure na hazidai malipo ya mwezi ili ucheze mtandaoni, si PlayStation si Xbox. Kama anacheza mpira tu, eFootball inamtosha.

Bamburi_FC
eFootball ile iliyotoka Septemba 2021 na nyuso zimeyeyuka? PES ilikuwa gemu ya heshima, Konami wakaiua wakatuletea kitu cha simu.

Binti_Tudor
Ilianza vibaya, sikatai. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na pasi zake mimi naziona za kweli zaidi kuliko za FC. FC ni mbio na kufungua pakiti za kadi. Ubelgiji waliona hatari ya pakiti hizo tangu 2018 wakazihesabu kamari.

Bamburi_FC
Ultimate Team, ile ya pakiti, si lazima uiguse. Career yangu haina pakiti hata moja.

Nahodha_Likoni
Mmesahau stima. Mashine nyingi huku haziuawi na uzee, zinauawa na stima inayokatika na kurudi kwa kishindo. Weka kizuizi cha stima, ile TV guard inayosubiri sekunde kama 30 kabla ya kuachilia. Hiyo inazuia kishindo tu. Isizimike ghafla yataka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia stima ikikatika. Mashine ikizimika katikati ya kuandika kwenye diski, ujue kuna kazi.

PS4 ikizimika ghafla, ikiwaka itakagua diski yenyewe. Ikigoma, zima kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama 7 mpaka usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya wa USB unaopitisha data, chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu wala maendeleo ya mchezo uliyohifadhi. Ya 6 na ya 7 ndizo zinafuta kila kitu, usikosee kidole. Na acha kabisa kuilaza kwenye rest mode usiku. Izime.

FundiPedi
Nahodha kasema kweli. Na kama diski imekufa, kubadilisha ni rahisi kwenye Slim: kuna kifuniko kidogo cha plastiki nyuma pembeni, kinateleza. Ndani skrubu moja, unavuta kitoroli, skrubu nne za pembeni. Inaingia diski yoyote ya SATA ya inchi 2.5 isiyozidi unene wa milimita 9.5. Kisha flashi iliyofomatiwa FAT32, folda PS4, ndani yake folda UPDATE, zote herufi kubwa, faili iitwe PS4UPDATE.PUP. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanapakua faili ndogo ya kusasisha. Inatakiwa ile kubwa ya kusakinisha upya, inapita GB 1. Ukitumia ndogo, itakwambia haioni faili na utadhani flashi ni mbovu.

Athmani_Kisauni
Shukrani nyote, sikujua mambo ni mengi hivi. Majibu: TV ni inchi 32, sijui kama ni 4K. Nacheza na wadogo zangu wawili, FC na eFootball, na nataka ile GTA mpya ikitoka. Intaneti ni ya waya, Mbps 10. PS4 nimerudi kuiangalia, imeandikwa 11.00 na kweli jamaa amenambia nisisasishe.

FundiPedi
Basi hiyo iache. Usibishane naye bei.

KompyutaKwanza
TV ya inchi 32 karibu zote si 4K, na nyingi hata 1080 hazifiki, ni 1366 kwa 768. Soma lebo ya nyuma. Tena zima mapambo yote ya picha na uwashe Game Mode kama ipo, maana TV ikichelewesha picha utalaumu pedi.

Na hiyo Mbps 10, piga hesabu kabla hujanunua mashine isiyo na CD. Gemu ya GB 100 kwa Mbps 10 kamili inachukua saa 22 bila mtu mwengine kugusa intaneti nyumbani. Ukiwa na nafasi ya GB 364, utafuta na kupakua tena kila wakati.

MzeeWaKaseti
Hapo ndipo nilipokuwa. Ila intaneti ya Mombasa ni nzuri kuliko ya bara, kebo za baharini zaingilia hapa hapa, SEACOM na TEAMS tangu 2009. Hata kucheza na Wazungu yafaa iwe haraka.

KompyutaKwanza
Mzee, kebo kufika Mombasa ni jambo moja, seva ilipo ni jambo jengine. Nuru ndani ya kebo inakwenda kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde. Kama njia ya kebo mpaka seva ya Ulaya ni kilomita 9,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 90, na bado hujaongeza vifaa vya njiani. Hakuna kifurushi cha kuondoa hiyo, hata ununue Mbps 100. Kinachosaidia ni waya wa mtandao kutoka ruta mpaka mashine, ili angalau isirukeruke. Slim, Series S na PS5 zote zina tundu hilo.

Nahodha_Likoni
Hilo la waya ni kweli kabisa. Mita 10 za Cat6 zinashinda ruta ya bei kubwa, hasa kwenye nyumba zetu za kuta za matumbawe. Wi-Fi haipiti.

Binti_Tudor
Athmani, umesema GTA. Basi PS4 imeshaondoka yenyewe. Kilichobaki ni Series S sasa au PS5 baadaye.

Bamburi_FC
Mbona unamkimbiza? Anaweza kupata PS4 Slim safi, isiyofunguliwa, tena kwa bei hiyo hiyo akitafuta. Wadogo zake wacheze mpira miaka miwili. FC 26 bado imetoka kwa PS4. Hiyo GTA ikitoka, bei ya siku ya kwanza ataiweza?

MzeeWaKaseti
Bamburi, hapo nakuunga mkono. GTA V ilitoka Septemba 2013 na mpaka leo yachezwa. Gemu za Rockstar hazikimbii. Red Dead Redemption 2 iko PS4 kwa CD mbili, The Last of Us, Uncharted 4, Spider-Man. Kijana ambaye hajazicheza hizo ana mali ya miaka mbele yake, na CD zake ni za bei ya chini.

Athmani_Kisauni
Kuna kitu sikusema. Ami yangu yuko Dubai, anakuja mwezi ujao. Amesema akinunua PS5 isiyo na pa kutia CD anaweza kuniletea, mimi nimlipe sh 45,000 sasa na zinazobaki kidogo kidogo. Sikutaja kwa sababu sikuwa na uhakika atakubali. Je, ya Dubai itafanya kazi huku?

FundiPedi
Hilo ndilo ungeanza nalo, Athmani. Stima haina shida: pawa saplai ya PS5 ni volti 100 mpaka 240, plagi ya Dubai ni ya miguu mitatu kama yetu, na waya wenyewe ni ule wa umbo la 8, hata ukipotea unapatikana kila duka. Gemu haziangalii nchi ya mashine. Garantii ya kule ndiyo huku haina mtu wa kuishughulikia, kwa hiyo aiwashe na kuicheza kabla hajapanda ndege.

Muulize namba ya modeli. Ikianza na CFI-20 au juu yake, ni ile nyembamba, na unaweza kununua sehemu ya CD baadaye ukaipachika mwenyewe bila bisibisi. Inataka intaneti mara ya kwanza ili ijisajili na mashine, kisha basi. Ikiwa ni CFI-10, 11 au 12 isiyo na CD, itabaki hivyo maisha yake yote.

Na usimruhusu fundi yeyote aifungue "kuisafisha" ikiwa mpya. Ndani hakuna pesti ya kawaida, ni metali ya maji. Ikimwagika kwenye ubao inaunganisha njia za umeme na unaaga mashine.

MzeeWaKaseti
Aichukue yenye CD tangu mwanzo. Aongee na ami yake kwa heshima, tofauti ya bei ataifidia kwa CD chache tu za mtumba. PS5 yacheza na karibu CD zote za PS4.

Bamburi_FC
Ila pedi za PS4 hazichezi gemu za PS5, zinacheza zile za PS4 tu. Ana wadogo wawili, pedi moja ya ziada ya PS5 aiweke kwenye hesabu.

KompyutaKwanza
Na akaunti. Utafungua ya nchi gani? Ukishachagua nchi PSN haikuruhusu kuibadilisha. Kadi za zawadi za Marekani zinaingia akaunti ya Marekani peke yake, na kadi ya benki ya Kenya huko mara nyingi inakataliwa. Na nyongeza za gemu lazima zilingane na CD: CD ya Ulaya haisomi nyongeza uliyoinunua kwa akaunti ya Marekani. Hilo watu wanalijua pesa ikishaondoka. 2024 Sony walipotaka kulazimisha akaunti ya PSN kwenye gemu ya Helldivers 2 ya kompyuta, gemu iliondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Walirudi nyuma kuhusu kulazimisha, lakini yatosha kukuonyesha tunakaa wapi kwenye hesabu zao.

Binti_Tudor
Ndiyo maana nasema, kwa nchi isiyo kwenye orodha, Xbox ni rahisi zaidi: nchi ya akaunti unaibadilisha kwenye mipangilio.

KompyutaKwanza
Na Steam huibadilishi kwa sababu Kenya ipo.

Bamburi_FC
Haya, tumerudi kwa kompyuta.

Athmani_Kisauni
Ami bado hajajibu kuhusu namba ya CFI. Wa Series S naye amepiga, ameshuka hadi sh 39,000. Nahodha, hiyo UPS ikiwa ni PS5 nitafute ya ukubwa gani?

Nahodha_Likoni
PS5 ikicheza gemu nzito inavuta kama wati 200, ongeza TV ya inchi 32 na ruta. Angalia wati na si VA, kwa sababu iliyoandikwa 650VA mara nyingi inatoa wati 360 tu. Hiyo inatosha dakika chache za kuseva na kuzima, haitoshi kumaliza mechi. Series S inavuta chini ya nusu ya hapo, itakaa zaidi. Betri uliza ina umri gani, zile zilizolala dukani kwenye joto la hapa zinakuja zimekufa nusu. Na ile lebo ya nyuma ya TV, ipige picha uiweke hapa.